Shela ya Thelathini na Tisa

Ulimi wa Futi ndio uliomponza, na wala hakuwa anasengenya. Alikuwa anapima tu.

Mama yake ni fundi wa kushona. Shule ya wasichana ya masista, ile iliyo juu ya barabara, ilikuwa imempa kazi ya Siku ya Mapokezi: majoho ya bluu yenye mkanda kwa wasichana wa mwaka wa mwisho, shela nyeupe kwa wasichana wapya. Fundi alipokwenda kuwapima alimwita binti yake amsaidie, maana binti naye alikuwa mmoja wa hao wapya, na alikuwa na futi ya kupimia shingoni tangu hajang'oka meno ya utotoni. Mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Futi. Nyumbani kwao kazi huenda namna moja: mmoja anapima na kusoma kwa sauti, mwingine anaandika. Cherehani inanguruma, redio ya jirani nayo haijambo, usipopaza sauti namba inapotea. Basi Futi akamzungushia kiranja mkuu futi kiunoni, mbele ya wenzake thelathini na saba waliokaa kimya wakingoja zamu, akasoma kama alivyozoea kusoma nyumbani:

"Kiuno, arobaini na moja na nusu."

Ile nusu ndiyo iliyoua watu. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kabla ya chakula cha mchana kiranja mkuu alikuwa haitwi tena kiranja. Aliitwa Na Nusu, na aliitwa hivyo hata na wapishi.

Sasa, Siku ya Mapokezi katika shule ile ni jambo zito kuliko Sista mkuu mwenyewe. Asubuhi kuna nyimbo, ngoma na maigizo ya kuwachekesha wazazi. Baada ya hapo wasichana wapya hutolewa nje, wakapangwa mstari ukutani, kila mmoja amefunikwa shela kuanzia utosini hadi kifundo cha mguu. Hawasemi, hawasogei. Wakubwa hutoka mmoja mmoja na majoho yao, kofia zimeshuka mpaka puani ili wasijulikane, kila mmoja akamshika mkono mdogo wake, akamwingiza ukumbini na kumfunua mbele ya watu wote. Aliyekufunua ndiye dada yako mpaka umalize shule. Ukiugua anakuuguza, ukionewa anakusemea. Ambaye hakufunuliwa na mtu huingizwa kwa mlango wa pembeni shughuli ikiisha, na tangu siku hiyo jina lake ni Mlango. Anakula mwisho, anaoga mwisho, na hakuna anayempigania.

Wakubwa walikuwa wamekwisha kuchagua wadogo zao. Aliyebaki huchukuliwa na kiranja mkuu, ndiyo desturi. Mwaka ule aliyebaki alikuwa Futi, na kiranja mkuu alisema hana nafasi, ataongoza wimbo.

*

Fundi alikwenda kumwona Sista mlezi siku ya Ijumaa, akiwa na furushi la kazi kichwani, kama mtu aliyeleta nguo na kukumbuka neno njiani.

Sista alihesabu majoho thelathini na nane, akahesabu shela thelathini na nane, akavuta pindo moja kwa kucha kuona kama uzi unaachia. Haukuachia.

"Kitambaa cheupe kilitosha?"

"Kilitosha kwa kubana, Sista. Hata utepe wa kufungia kidole haukubaki." Fundi akanyoosha kanga yake. "Sista, nina la binti yangu."

"Nimelisikia."

"Alikosa. Lakini kusoma namba ndiyo kazi niliyomfundisha mimi."

"Mama, mapokezi ni mambo ya wasichana wenyewe. Sisi masista hatuingizi mkono. Tukiwalazimisha kupenda, hayo yatakuwa mapokezi gani?"

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Kiranja mkuu alikuwa pale pale, ameitwa kubeba majoho. Fundi akamgeukia, yeye mtu mzima wa kumzaa.

"Mwanangu, nisamehee yule mdogo wako."

"Sina neno naye, mama," kiranja akasema, macho yakiwa kwenye furushi. "Joho langu lina mkanda mrefu wa kutosha? Arobaini na moja na nusu haifungiki na kamba ya kiatu."

Sista mlezi akakohoa. Fundi akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayelipwa kwa kazi. Alipofika getini ndipo alipogundua kuwa bado amebana pini kiganjani tangu asubuhi.

*

Nyumbani, baba Futi alikuwa anajisugua rangi mikononi kwa mafuta ya taa. Ni mpaka rangi, na wiki hiyo alikuwa anapaka zahanati, kwa hiyo hata nyusi zake zilikuwa za kijani.

"Asiende," alisema. "Tuseme anaumwa. Mtoto hasimamishwi ukutani kama fagio mbele za watu."

"Akikosa kesho, Jumatatu ni Mlango vile vile," fundi akasema. "Tofauti ni kwamba watamwita na mwoga."

"Basi ahame shule."

"Ahamie wapi, baba watoto? Ile nafasi nimeipata kwa kushona mapazia ya kanisa miaka miwili."

Bibi, mama mzaa baba, alikuwa kitandani kwake upande wa pili wa pazia, na kila mtu alijua hajalala. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, wa kukaa kwenye kiti miguu ikaning'inia. Ujana wake wote aliumaliza kwenye shule ile ile, akiwa dobi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, na havijakunjuka tena, kwa kukamua mashuka ya watoto wa watu.

"Mimi nitakwenda," Futi akasema. Alikuwa amekaa sakafuni anachomoa nyuzi za bandi, zile za kushikiza kwa muda, kwenye joho la bluu la ziada. Fundi hukata moja la ziada kila kazi kubwa, la kuharibikia, na mwaka huu hakikuharibika chochote. "Sitakuwa peke yangu. Kuna mwingine."

"Mwingine gani?"

"Kwenye mazoezi. Mimi ndiye wa mwisho kwenye mstari, baada yangu ni kona ya ukuta. Lakini tukishafunikwa kwa mashuka ya mazoezi, kuna mtu anasimama kwenye hiyo kona. Nasikia nguo yake inagusa ukuta."

"Ni upepo," baba yake akasema.

"Upepo hauongei, baba."

Fundi akaacha mkasi. "Anasemaje?"

"Kila siku neno moja. Ananiambia, 'Ngoja, anakuja.' Nikifunuliwa nikigeuka, hayupo."

Nyuma ya pazia kitanda kililia. Bibi alikuwa ameketi.

"Rudia hilo neno," alisema.

"'Ngoja, anakuja.' Sauti ndogo, bibi. Kama ya mtu mwenye kiu."

Baba Futi akajifuta mikono, akafunga dirisha ambalo hakuna aliyelalamika kuwa liko wazi. Fundi, kwa kuwa moyo ukisumbuka mkono hutafuta kazi, akachukua daftari la vipimo kuangalia kama amelipwa sawasawa, akakuta jambo lingine. Urefu wa shela ulikuwa umeandikwa kwa mkono wa Futi, jina na inchi, jina na inchi. Mistari ilikuwa thelathini na tisa. Wa mwisho haukuwa na jina, ulikuwa na inchi tu: hamsini na nne.

"Huyu hapa nani? Mbona umepima watu thelathini na tisa?"

"Alisimama mwisho wa foleni amenipa kisogo, nikampima. Nilimuuliza jina akanyamaza, nikajua ana haya."

"Umempima mtu mara mbili," fundi akasema, akafunga daftari. Alilifunga haraka kidogo. Hamsini na nne hakukuwa na mwingine. Aliyemfuata kwa ufupi alikuwa na hamsini na saba.

Bibi akalala tena, uso ukutani. Aliulizwa kama atakwenda kesho, akasema goti halimpi ruhusa, waende tu, atabaki na kuku.

*

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Baba Futi alivaa suti ya harusi yake, na kijani kilikuwa bado masikioni. Fundi alibanwa kati yake na mama mmoja mnene mwenye mkoba mwekundu, mmoja wa wale wanaojua habari za kila mtu na kuzigawa bure.

"Wewe si ndiye uliyeshona? Hongera. Na binti yako ndiye yule wa nusu?" Akapiga paja. "Maskini. Lakini nusu imenichekesha mie, acha tu."

Wasichana waliimba. Wengine waliigiza mwalimu wa hesabu akitafuta miwani iliyo usoni mwake, na mwalimu mwenyewe akacheka kuliko wote. Ngoma ikapigwa, vumbi likapanda, wazazi wakatupa vitambaa hewani. Fundi alipiga makofi pamoja na wenzake bila kuona kitu. Alikuwa anautazama mlango mkubwa tu.

Ngoma ikanyamaza. Kiranja mkuu akapanda jukwaani, joho likimkaa vizuri, mkanda umefungwa kwa kitanzi, akaanzisha wimbo wa mapokezi. Ni wimbo wa polepole, hauna vigelegele. Milango ikafunguliwa, na majozi yakaanza kuingia, bluu na nyeupe, bluu na nyeupe, wakitembea bila nyuso. Fundi aliihesabu kazi yake. Hii nilirudia pindo. Hii niliishona siku umeme ulipokatika. Kumi, ishirini, thelathini. Joto lilikuwa kali, watu walikuwa wanajipepea na karatasi za ratiba, lakini alihisi baridi inapita miguuni kutoka mlangoni, baridi ya mahali palipoloa na kukosa jua.

Thelathini na sita. Thelathini na saba.

Majoho yalikuwa yamekwisha. La thelathini na nane lilikuwa jukwaani, linaimba. Wimbo ukafika ubeti wa mwisho na mlango ukabaki mtupu. Baba Futi akaushika mkono wa mkewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

Ndipo joho la bluu likaingia.

Lilikuwa dogo, linachechemea, kofia imeshuka mpaka kidevuni. Mkono wa kulia lilimshika mtu wa shela nyeupe, na fundi akaijua miguu ya mwanawe. Mkono wa kushoto lilimshika mtu mwingine wa shela nyeupe, mfupi kuliko wote waliotangulia, na miguu ya huyo haikuonekana, kwa kuwa shela yake ilimfika mpaka sakafuni na haikutikisika alipotembea.

"Yule kapata wawili?" mama wa mkoba akauliza. "Hiyo inaruhusiwa?"

Kiranja mkuu alisahau maneno ya wimbo. Wengine wakaendelea bila yeye, kwa sauti za chini, kama watu wanaopita karibu na mgonjwa. Wale watatu walifika mbele, wakasimama mwisho wa safu. Wakubwa wote wakainua mikono kwa pamoja, shela zikavuliwa, na makofi yakapasuka ukumbi mzima. Uso wa Futi ulikuwa umelowa machozi, na anacheka. Fundi alisimama juu ya benchi kama mtoto. Alipotafuta tena joho dogo akaona mgongo wake tu, unatokomea kwa mlango wa pembeni. Mahali pa yule mwingine hapakuwa na mtu. Palikuwa na kitu cheupe sakafuni.

Kiranja mkuu alishuka jukwaani, akawavua kofia wakubwa wenzake mmoja baada ya mwingine.

"Nani amemchukua? Nauliza, nani?"

Kila mmoja alimtazama jirani yake kwa heshima mpya, akidhani ndiye.

*

Desturi ya kazi ni kwamba aliyeshona ndiye hukusanya, afue, apige pasi, arudishe. Fundi alirudi na furushi jua likiwa bado juu ya mapaa. Bibi alikuwa amekaa uani na kuku wake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, goti limevimba kama embe. Joho la bluu la ziada lilikuwa limekunjwa juu ya kiti, na pindo lake lilikuwa na vumbi la ukumbi.

"Mama," fundi akasema.

"Usinisimange. Najua mimi si mwanafunzi."

"Sikusimangi, mama. Nataka kukupikia."

Baba Futi alicheka hadi akakaa chini kwenye kizingiti. "Kumbe hilo goti lina ruhusa za kuchagua."

Futi hakucheka. Alimkalia bibi yake karibu, akamshika ule mkono uliojikunja. "Nilikujua. Vidole havifunguki. Lakini bibi, ulimchukua na yule."

"Nilimkuta ukutani. Ningemwacha?"

Kisha akaeleza, akiongea na maji ya beseni kuliko na watu. Mwaka wake wa pili wa udobi, siku kama hii, alipita na kapu la mashuka nyuma ya ukumbi. Wasichana wapya wote walikwisha kuingizwa. Kulikuwa na msichana mmoja amebaki kwenye kona ya ukuta, na shela yake, mdogo hivi. Watu ndani walikuwa wanakula. Mkono ukatoka chini ya shela ukamshika aproni.

"Nikamwambia, 'Ngoja, nakuja.' Nilitaka kwanza kuanika. Nikaanika, nikaitwa jikoni, nikasahau. Wenzangu walisema jioni alikuwa bado kasimama. Kesho yake homa, wiki iliyofuata wakaja ndugu zake na machela kuuchukua mwili. Miaka yote hii nikila chakula cha mchana nakumbuka nilimwambia nakuja."

Kuku akanywa maji kando ya beseni. Hakuna aliyemfukuza.

Fundi akafungua furushi kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alihesabu shela, akafika thelathini na nane, na moja ikabaki mkononi. Haikuwa yake. Zake zote alizishona kwa cherehani. Hii pindo lake lilipigwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo wa subira, na kitambaa kilikuwa kizito, cha aina isiyouzwa siku hizi, kimekuwa cha njano kwenye mikunjo. Kona moja ilikuwa imeshika chokaa, kama kitu kilichoegemea ukuta.

"Futi, nipe futi."

Walipima wawili, mama ameshika juu, binti ameshika chini. Safari hii Futi hakupaza sauti. Alisoma taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake siri.

"Hamsini na nne."

Baba Futi akavua kofia yake, ingawa hakujua anaivua kwa nini.

"Ulipomfunua," Futi akauliza, "alikuwaje?"

"Sikumfunua. Nilipogeukia upande wake alikuwa ameshavua mwenyewe. Nilibaki na joto tu, hapa kiganjani." Bibi akatoa miguu kwenye beseni. "Lete maji mengine, na sabuni. Hiyo naifua mimi."

Aliifua kwa goti lake bovu, hakukubali kusaidiwa hata kukamua. Akaianika peke yake katikati ya kamba.

Jumatatu Futi alirudi shuleni hana jina la Mlango. Kufikia saa nne wakubwa watatu, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja kwa kunong'ona, walikuwa wamemwambia kuwa yule wa juzi alikuwa yeye, asimwambie mtu. Futi aliwashukuru wote watatu. Kiranja mkuu alimpita bila kumsemesha, lakini alipofika mbele akarudi, akauliza kama kweli mama yake anaweza kulegeza sketi.

Hayo yalikuwa ya Jumatatu. Jumamosi ile, kamba ikiwa bado inadondosha maji, fundi alilichukua daftari la vipimo akakaa kwenye kigoda mbele ya mama mkwe wake, penseli mkononi.

"Mama, alikuwa anaitwa nani?"

"Nguo zao zilikuwa na namba. Dobi hapewi majina."

"Lakini wewe ulilijua."

Bibi alitazama shela kwenye kamba. Halafu akalitaja, jina na la baba yake, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili. Fundi akalirudia ili asikosee, akaliandika kwenye ule mstari uliokuwa mtupu, mbele ya inchi hamsini na nne.